Umeshinda mechi 13 kati ya 13 halafu unaambiwa hujacheza na mtu: ugumu wa ratiba kwenye futiboli ya vyuo Marekani

KondaMstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa Ligi ya Mabingwa Ulaya kuna mdau aliandika kwamba habari za "ratiba ngumu" ni kisingizio cha waliofungwa. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Basi nakuja na wangu.

Naishi kaskazini mwa Texas, kazi yangu lori. Nikirudi safari napita Grapevine, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas. Pale kuna hoteli kubwa ambayo kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Desemba kamati ya watu 13 hukutana kupanga vyuo gani vicheze mchujo wa ubingwa wa futiboli ya Marekani, ule mpira wa yai. Msimamo wa ligi haupo. Kuna meza, skrini za takwimu, na kura.

Kwa nini kura? Hesabu imekataa. Ngazi ya juu ina vyuo zaidi ya 130 na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi. Ligi yetu ya Bara ina timu 16, kila mmoja anakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, mwisho unasoma msimamo (mambo ya viporo tuyaache leo). Huku timu mbili zinaweza kumaliza 12-0 zote (ushindi 12, kipigo hakuna) na zisiwe na hata mpinzani mmoja waliyecheza naye wote wawili. Utajuaje nani zaidi? Unaanza kuuliza: huyu kamfunga nani?

Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, mechi nane au tisa. Zinazobaki, tatu au nne, mkurugenzi wa michezo wa chuo anazitafuta mwenyewe na kusaini mikataba miaka kadhaa kabla. Hapo ndipo ujanja ulipo. Chuo kikubwa kinamwita kibonde nyumbani kwake na kumlipa. Kibonde anachukua hundi, anachukua kipigo, anarudi na hela ya kuendeshea idara yake ya michezo. Mara mojamoja kibonde anagoma kufa. Mwaka 2007 Michigan walimlipa Appalachian State dola 400,000 aje afungwe, akawatandika 34-32 mbele ya watu zaidi ya laki moja. Septemba 2024 Northern Illinois walikwenda kwa Notre Dame, wakashinda 16-14 na hundi ya dola milioni 1.4 wakaondoka nayo.

Sasa kisa chenyewe. Msimu wa 2023 Florida State walimaliza 13-0, mabingwa wa konferensi ya ACC. Mchujo wakati ule ulikuwa wa timu nne. Zikachaguliwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State wakawekwa wa tano. Tangu mchujo uanze 2014, hakuna bingwa wa konferensi kubwa ambaye hajafungwa hata mara moja aliyekuwa ameachwa nje.

Na msije na lugha ya vibonde. Hawa walianza msimu kwa kumpiga LSU 45-24, na LSU ile ilikuwa na Jayden Daniels, mchezaji aliyechukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo. Wakamaliza kwa kumfunga Florida 24-15 kwake. Zote mbili ni timu za SEC, konferensi inayosifiwa kuwa ngumu kuliko zote.

Kilichowaponza ni tarehe 18 Novemba. Siku hiyo walikuwa nyumbani na North Alabama, mechi ya hundi. Mimi nilikuwa kwenye kituo cha malori nasubiri zamu ya kuoga, runinga iko ukutani juu ya mashine ya soda. Robo ya kwanza Jordan Travis, kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mipira), anakimbia na mpira, anakabwa, mguu unakwenda upande ambao mguu hauendi. Mzee mmoja wa Tallahassee tunayefanya naye kazi aliweka sandwichi yake chini na hakuiokota tena. Walishinda 58-13. Kibonde waliyemlipa aje kupigwa ndiye aliyeondoka na msimu wao.

Baada ya hapo wakacheza na kwotabeki wa pili, naye akaumia. Fainali ya ACC wakacheza na wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza, wakamfunga Louisville 16-6. Haikuwa mechi ya kutazamika, nakubali. Kamati ikasema bila Travis hii ni timu nyingine, na ratiba ya Alabama ilikuwa nzito zaidi: Alabama amefungwa mara moja, na Texas, halafu fainali ya SEC kamng'oa Georgia 27-24. Travis mwenyewe akaandika mtandaoni kwamba laiti mguu ungevunjika mapema zaidi, watu wangepata muda wa kuona kuwa timu si kwotabeki peke yake. Kijana wa watu anaomba radhi kwa tarehe ya kuvunjika mguu!

Hoja yangu ni hii. Ugumu wa ratiba ni swali la halali. Lakini ukishaingia kwenye chumba cha hoteli haupimi tena wapinzani uliocheza nao, unapima jina la konferensi iliyokuzaa. Karibuni.

---

Binti_wa_Columbus

Kaka Konda, umeandika vizuri ila umemeza upande mmoja wa samaki.

Mimi niko Ohio, nimeolewa kwenye ukoo ambao Jumamosi ya msimu hata msiba unaulizwa kwanza kama unaweza kusogezwa Jumapili. Nikuambie kitu kimoja: ondoa ugumu wa ratiba leo, kesho kila chuo kitacheza na vibonde. Nani ataenda kujitafutia kipigo kwa Texas Septemba wakati anaweza kumpiga mtu 60 nyumbani na kuuza soda?

Mfano upo. 2014, mwaka wa kwanza wa mchujo, Baylor na TCU walikuwa na kipigo kimoja kila mmoja. Mechi za Baylor nje ya konferensi zilikuwa SMU, Northwestern State na Buffalo. Unawajua hao? Hata sisi wa huku tulikuwa tunawatafuta kwenye ramani. TCU wiki ya mwisho walikuwa wa tatu, wakampiga Iowa State 55-3, wakaamka wa sita! Ohio State siku hiyohiyo walimchakaza Wisconsin 59-0 kwenye fainali ya Big Ten, konferensi yetu, tena na kwotabeki wa tatu (hapo umenielewa?), wakaingia wa nne. Wakamfunga Alabama 42-35, wakamfunga Oregon 42-20, kombe nyumbani. Kamati ilibahatisha? Labda. Lakini uwanja ulisema ilikuwa sawa.

Na hao Florida State wako walipopewa Georgia kwenye Orange Bowl, mechi ya kufuta machozi kwa walioachwa nje ya mchujo, walifungwa ngapi? Andika mwenyewe, mimi naona aibu.

---

Gongowazi_Damu

63-3 😂😂 hiyo si mechi, huo ni mwaka wa kuzaliwa na mwezi.

Halafu Konda, kwa maelezo yako hao SEC wanabebwa kwa mbeleko kama timu fulani ya rangi nyekundu ninayoijua.

---

Mnyama_Mwitu

Gongowazi toka kwenye uzi wa watu wazima.

---

KondaMstaafu

Dada Binti, 63-3 sikuisahau, nilijua italetwa. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza siku ile. Wengine majeruhi, wengine walikuwa wanajiandaa kwenda ligi ya kulipwa, wengine walihama chuo. Ukishamwambia mtu kazi yake ya miezi minne haina maana, usimshangae asipokuja kwenye mechi ya kufuta machozi. Chuo chenyewe hakikusubiri hata mechi ichezwe, Desemba ileile kilikwenda mahakamani kutaka kutoka ACC.

Kuhusu Ohio State na kwotabeki wa tatu, umenipiga hapo. Nimekaa chini.

Ila nipe jibu la hili. 2017 UCF, chuo cha Orlando, walimaliza msimu bila kufungwa. Kamati ikawaweka wa 12. Wa saba alikuwa Auburn mwenye vipigo vitatu. Wakakutanishwa kwenye Peach Bowl, UCF wakashinda 34-27. Sasa fuata uzi wa sindano: Auburn huyohuyo msimu ule alikuwa amemfunga Georgia 40-17 na Alabama 26-14. Na fainali ya taifa walicheza nani? Georgia na Alabama. UCF wakajitangazia ubingwa wao na gwaride wakafanya, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Waliambiwa hamjacheza na mtu, wakapewa mtu, wakamfunga, wakaambiwa msimu umekwisha.

---

Mwl_Takwimu

Habari zenu. Mchezo siujui sana lakini hesabu ya humu ndani ni tamu, naomba nichangie.

Zamani, kabla ya mchujo, kulikuwa na mfumo wa BCS uliotumika 1998 hadi 2013, na miaka ya mwanzo ugumu wa ratiba ulikuwa na fomula yake wazi. Unachukua asilimia ya ushindi ya wapinzani wako mara mbili, unajumlisha asilimia ya wapinzani wa wapinzani wako, unagawa kwa tatu. Wapinzani wako wakiwa na 60 na wapinzani wao 54, ratiba yako ni 58. Ni rahisi, hata darasa la saba anaipiga.

Tatizo lake ni wastani. Tuseme kuna timu nzuri inayoweza kupewa ratiba mbili. Ratiba A ina wapinzani 12 wa kati, na kila mechi ina nafasi ya asilimia 80 ya kushinda. Ratiba B ina vibonde 10 ambao nafasi ni asilimia 90, na vigogo wawili ambao nafasi ni asilimia 30. Piga: zote mbili zinatarajia ushindi wa mechi 9.6. Wastani uleule. Lakini kumaliza bila kufungwa kwenye A ni kama asilimia 7, kwenye B ni kama asilimia 3. Vigogo wawili tu wamekata nafasi kwa zaidi ya nusu, na fomula ya wastani haikuona kitu.

Ndiyo maana wataalamu wa takwimu wameligeuza swali. Hawaulizi tena ratiba yako ni ngumu kiasi gani. Wanauliza: timu ya kawaida ya daraja la juu ingepewa ratiba yako, ingekuwa na nafasi gani ya kufikisha rekodi uliyofikisha wewe? Huo ni ubora wa rekodi, na mimi naona ni kipimo cha haki zaidi kwa sababu kinakulipa kwa kushinda, siyo kwa kupangiwa tu. Kupangiwa na Georgia si sifa. Sifa ni kumfunga.

Fomula nayo si malaika. 2003 USC walikuwa wa kwanza kwenye kura za waandishi na za makocha pia. Kompyuta zikawapeleka fainali Oklahoma na LSU, wakati Oklahoma alikuwa ametoka kupigwa 35-7 na Kansas State kwenye fainali ya konferensi yake! LSU wakashinda 21-14, waandishi wakawapa USC ubingwa wao, mwaka ukaisha na mabingwa wawili. Msimu uliofuata kipengele cha ratiba kikaondolewa kwenye fomula.

---

Ngosha_Mkimya

Mwalimu shikamoo. Elimu nzuri. Swali la kijinga: hii si ndiyo ile ya viwango vya FIFA, kwamba ukimfunga mkubwa unapanda sana, ukimfunga mdogo unapanda kidogo?

---

Mwl_Takwimu

Marahaba kijana. Si swali la kijinga. FIFA tangu 2018 wanatumia mfumo wa namna hiyo, pointi unazopata zinategemea uzito wa uliyecheza naye. Tofauti ni kwamba FIFA wana miaka mingi ya mechi za kurekebisha makosa. Hawa wana mechi 12 na Jumapili moja ya kuchagua timu.

---

KondaMstaafu

Mwalimu, hapo kwenye "uzito wa uliyecheza naye" ndipo roho yangu inapouma. Uzito huo unaanzia wapi?

Agosti, kabla mtu hajagusa mpira, waandishi wanapiga kura ya timu 25 bora. SEC wanajazwa humo. Msimu unaanza, wanakutana wao kwa wao. Anayeshinda kamfunga mtu mwenye namba, anapanda. Anayefungwa kafungwa na mtu mwenye namba, basi ni "kipigo chenye heshima", anashuka kidogo tu. Wiki ijayo anayemfunga huyo naye kamfunga mtu mwenye namba. Ni upatu wa kina mama wa mtaa mmoja, hela inazunguka humohumo na kila mmoja anaonekana tajiri.

Alabama wa 2023, wiki moja kabla ya kumfunga Georgia, alikuwa kwa Auburn anapumua kwa mpira wa oksijeni. Jaribio la nne, yaani la mwisho, yadi 31 za kwenda, sekunde chache zimebaki. Akatupa mpira kwenye kona ukadakwa, 27-24. Auburn ile ilimaliza msimu wa kawaida 6-6. Florida State akimshinda mtu wa 6-6 kwa taabu, timu mbovu. Alabama akifanya hivyo, ligi ngumu.

---

Binti_wa_Columbus

Hahaha upatu umenimaliza, nimecheka mpaka mgonjwa kaniuliza kuna nini.

Lakini kaka unapigana na kamati ya zamani. Tangu 2024 mchujo ni timu 12, na mwaka ule SEC ndio waliolia. Alabama 9-3, mwenye vipigo kwa Vanderbilt na kwa Oklahoma (24-3!), akaachwa. Nafasi ikaenda kwa SMU wa ACC. Kiongozi wa michezo wa Alabama akasema hadharani kwamba kama ratiba ngumu haithaminiwi itabidi wafikirie upya kucheza mechi nzito nje ya konferensi. Yaani tishio lake ndilo nililokuambia pale juu, kwamba watarudi kwa vibonde.

Na aliyesemwa zaidi ni Indiana. Alimaliza 11-1, mechi zake za nje zikiwa FIU, Western Illinois na Charlotte, na mechi za kucheza na Louisville alishazifuta. Watu wakasema huyu kapewa bure. Akaenda kwa Notre Dame raundi ya kwanza, akafungwa 27-17. "Si tulisema!" SMU naye akapigwa 38-10 na Penn State. Hapo hata mimi nilikuwa upande wa walalamikaji.

Msimu uliofuata Indiana yuleyule kaja na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State. Nikasema huyu mtu hana haya. Akamfunga Oregon kwake, akatufunga sisi Ohio State 13-10 kwenye fainali ya Big Ten (sitaki maswali), akamchapa Alabama 38-3 kwenye mchujo, na Januari 2026 akachukua ubingwa kwa Miami, 27-21. Bila kufungwa hata mechi moja. Shemeji yangu mpaka leo akisikia neno "Indiana" anatoka nje kuvuta hewa.

---

Ngosha_Mkimya

Kwa hiyo ratiba nyepesi haikumaanisha timu nyepesi.

---

Mwl_Takwimu

Ngosha umesema kitu ambacho watu wanalipwa mshahara wasikiseme. Ratiba nyepesi maana yake ni ushahidi mchache. Kamati inauchukulia ushahidi mchache kama ushahidi wa udhaifu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Agosti 2025 walirekebisha vipimo vyao: mechi dhidi ya timu bora zikaongezewa uzito, na wakaongeza kipimo cha ubora wa rekodi, kile nilichoeleza. Ukifungwa na mkubwa huumii sana, ukimfunga kibonde hupati kitu.

---

KondaMstaafu

Na Desemba hiyohiyo ya 2025 wakavurugana tena. Notre Dame na Miami wote 10-2. Miami alimfunga Notre Dame 27-24 mwezi Agosti, kila mtu aliona. Lakini wiki baada ya wiki kamati inamweka Notre Dame juu, kwa kuwa kati yao alikaa mtu mwingine, BYU, kwa hiyo eti hawalinganishwi moja kwa moja. BYU akafungwa fainali ya konferensi yake, akashuka, hawa wawili wakakaa jirani, na ghafla ile mechi ya Agosti ikakumbukwa. Miami ndani, Notre Dame nje. Wote wawili wikiendi hiyo walikuwa nyumbani wamekaa kwenye kochi! Notre Dame wakasusa hata mechi ya kufuta machozi.

Matokeo yalikuwa ya haki kwa maoni yangu. Miami mpaka fainali kafika. Ila njia ya kufika kwenye haki ilikuwa ya mlevi kupata mlango wa nyumba yake.

Dawa ninayoiona haiko kwenye fomula. Tazameni UEFA. Tangu 2024 timu 36, kila mmoja mechi nane, lakini wapinzani wanatoka kwenye vyungu vinne, wawili wawili. Ratiba haiwi sawa kabisa. PSG msimu ule walipewa Manchester City, Arsenal, Bayern na Atletico, wakamaliza wa 15, kisha wakabeba kombe. Lakini hakuna anayejipangia kibonde kwa hundi, na aliyemaliza wa 15 alikuwa na mlango wa kuingilia. Wape vyuo mechi mbili za kupangiwa kwa droo kila Septemba, konferensi kwa konferensi, halafu mwezi Desemba tutakuwa na cha kulinganisha.

---

Binti_wa_Columbus

Droo hawataikubali, mikataba ya runinga itachanika. Kidogo walichokubali ni SEC kuhama kutoka mechi nane za ndani kwenda tisa kuanzia 2026. Timu 16, mechi moja zaidi kila mmoja, maana yake vipigo vinane vipya lazima vimwangukie mtu. Subiri kelele zao.

---

Gongowazi_Damu

Nimesoma mpaka mwisho bila kutukana mtu, naomba kupongezwa. Konda, hao Florida State wako vipi baada ya kudhulumiwa? Walirudi kulipa kisasi 2024?

---

KondaMstaafu

Walishinda mechi mbili. Wakafungwa kumi.

Mzee wa Tallahassee anasema ratiba ilikuwa ngumu.